Kisu cha Mkono wa Kushoto

Tandika, 3 Machi 2024

Kaka Projestus,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii itakukuta huko Kimara ukiwa mzima, wewe na magoti yako. Sie hatujambo, Jovina anakusalimu. Mvua zimeanza, na mtaro wa mbele umefurika kama kawaida yake.

Najua nimekaa kimya tangu mazishi ya baba. Nilikuwa nasoma wasifu wake mbele ya waombolezaji, ukasimama pale ulipokaa ukanisahihisha mwaka aliozaliwa, watu wakacheka. Lakini si hilo ninaloandikia leo. Umefundisha elimu ya metali maisha yako yote, nami nataka kisu cha kukunja, cha kukaa mfukoni kila siku. Kipi kinafaa? Usinipigie simu. Niandikie.

Mdogo wako,
Gregori

Kimara, 5 Machi 2024

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba. Magoti yanapanda ngazi kwa masharti yake. Shemeji Jovina mpe pole ya mtaro.

Kuhusu mazishi: mwaka nilioutaja ulikuwa sahihi. Sina la kuongeza.

Kuhusu kisu: swali lako halijakamilika. Watu huanza kwa kuuliza chuma, na hapo ndipo wanapopotea. Chuma kigumu mno hutunza makali kwa muda mrefu, lakini kunoa kwake ni adhabu, na kikigonga mfupa makali hubanduka. Kilicho laini hunoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ila kesho utakinoa tena. Kwa hewa yetu yenye chumvi ningependelea kisichoshika kutu haraka, hata kama makali yake ni ya wastani. Lakini hayo yote hufuata baadaye. Kisu kizuri huanzia mkononi mwa mwenye kukishika. Kwa hiyo niambie: kitakata nini? Kitafunguliwa kwa mkono upi? Kitakaa mfuko wa upande gani?

Isitoshe, umekuwa mkaguzi wa nyama machinjioni Vingunguti hadi unastaafu. Umeshika visu vingi kuliko mimi. Nashangaa kwamba unauliza.

Kaka yako,
Projestus

Tandika, 16 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Habari za Kimara? Huku salama.

Majibu. Chungwa, pakiti za dawa, uzi. Mkono wa kushoto. Mfuko wa kushoto. Kisihitaji mikono miwili kukifungua. Kisinifungie vidole. Kisu cha jikoni kipo, ila hicho ni cha Jovina, na ndiye anayenikatia. Nataka changu.

Mpe bodaboda alete.

Mdogo wako,
Gregori

Kimara, 21 Machi 2024

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba. Huku ni wazima, na mvua imetulia kidogo.

Tangu utotoni umekula, umeandika na umefanya kazi kwa mkono wa kulia. Sasa unataka kisu cha kushoto. Hutaki simu. Mistari michache imekuchukua siku nyingi kuiandika. Nimefikia hitimisho ambalo ningependa liwe kosa: umepata kiharusi, nacho kimegusa mkono na ulimi. Kama nimekosea, nisahihishe.

Kisu nimekipata Kariakoo. Nilikifungua na kukifunga kila kisu kilichokuwa mezani kwa mkono wa kushoto peke yake, mkono wa kulia nikiwa nimeutia mfukoni, hadi muuzaji akachoka. “Mzee wangu, unanunua kisu au unaoa?” Nikamwambia kwamba kuoa nilitumia muda mfupi zaidi. Akasema, “Basi ndio maana!” Wateja wakacheka, nami sikuona sababu ya kubisha.

Vile vya kuruka kwa springi nilivikataa; mkono usiozoea haupaswi kushtuliwa. Visivyo na komeo nilivikataa pia, kwa kuwa ukikandamiza vibaya hukunjika juu ya vidole. Nilichonunua kina kinundu kwenye bapa kwa ajili ya kidole gumba, na komeo lake huachia sawasawa kwa mkono wowote. Bapa ni fupi, ncha yake butu. Mpini una mikwaruzo, usiteleze kwa maji ya chungwa.

Kwa bodaboda hakitakuja. Unajua jinsi baba alivyotulea: kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, wala hakitumwi. Anayekitoa hukiweka chini, anayekitaka hukiokota mwenyewe, ili ugomvi usipite kati yao. Sina ushahidi kwamba desturi hiyo huzuia chochote. Hata hivyo nitakuja Jumapili baada ya misa.

Kaka yako,
Projestus

Kimara, 25 Machi 2024

Mdogo wangu Gregori,

Natumaini umeamka vyema, na dawa unazimeza kwa wakati.

Hukunijibu, nikachukulia kwamba kimya si katazo. Jovina alinipokea vizuri, akaninywesha chai. Nilimuuliza ulipo. “Amelala, shemeji.” Nikauliza, “Amelala au amegoma?” Akacheka. “Shemeji, aliyegoma huwa hakohoi hivyo.” Maana ulikuwa unakohoa nyuma ya mlango wa chumbani, hatua chache tu kutoka nilipokaa.

Sikubisha hodi. Nilikiweka kisu juu ya meza, kikiwa kimefungwa, nikamaliza chai, nikaondoka. Wajibu wa mwenye kutoa unaishia hapo.

Kaka yako,
Projestus

Tandika, 14 Aprili 2024

Kaka Projestus,

Shikamoo. Vipi magoti? Mimi naendelea. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, kwa kidole kimoja.

Hukukosea. Ni kiharusi, tangu Januari. Mguu umerudi, mkono bado. Maneno yanakuja, ila yanachelewa, na mengine yanafika yamevaa nguo za wenzao. Juzi nilitaka chumvi, nikaomba askofu. Jovina kaniambia, “Askofu yupo kabatini, ngoja nimlete.”

Siku ile nilikusikia hadi ukifunga geti. Sikutoka kwa sababu nilijua nitasema neno baya mahali pa neno zuri, nawe utasimama kulirekebisha.

Kisu kilikaa pale mezani. Jovina alifuta meza akikizunguka, hakukigusa. Alhamisi nilikiokota. Mtaalamu wa mazoezi alinipa ubao wenye misumari ya kushikilia chungwa. Nimelimenya. Maganda yalitoka vipande vipande, mengine na nyama yake. Vingunguti wangenifukuza kazi. Nusu nimempa Jovina.

Sasa nikusahihishe. Kibanio cha kisu, kile cha kukishikiza kwenye ukingo wa mfuko, kimefungwa kwa ajili ya mfuko wa kulia. Nikikitia mfuko wa kushoto kinakaa kinyume, kidole gumba hakioni kinundu. Umejaribu kila kitu mezani kwa muuzaji, mfukoni hukujaribu. Kibanio kinahamishika, nimeona matundu upande wa pili. Lakini skrubu zake ni ndogo, mmoja ashike kisu, mwingine azungushe. Zinataka mikono miwili.

Njoo na bisibisi. Nitakuwa sebuleni. Nikianza sentensi, hata ikichelewa, hata ikipotea, niache niimalize mwenyewe.

Mdogo wako,
Gregori