Jina Langu Hewani

Chanika, Handeni
Jumapili

Wifi yangu Siamanta,

Natumaini mnaendelea vizuri huko Mwanza. Huku mvua imenyesha, na yule ng'ombe wako mweupe amezaa ndama jike.

Kile kitoa mawimbi ya redio alichokiacha marehemu kaka yako Lesiamon nimekimalizia. Niliunguza transista mbili, lakini sasa kinarusha nukta na vistari vya Morse mchana kutwa, kwa nguvu isiyowasha hata balbu ya tochi. Jua lilikuwa likikipasha moto, masafa yakawa yanahama. Nikakifungia ndani ya hotpoti ya ugali, kikatulia.

Shemeji Keriako alipokuja kusema nyumba iuzwe nirudi bomani, alinikuta nalehemu. Nilimpa chai, nikaendelea.

Jana nilikiacha kikirusha hapa nyumbani, nikapanda mlima Lutindi na redio ya kupokelea. Yeyo, mama yenu, aling'ang'ania twende wote. Karibu na misheni ya huko juu nikamvika spika za masikioni. Aliposikia ile milio aliyoizoea enzi za mwanawe, machozi yakamtoka.

"Ni Lesiamon?"

"Hapana, Yeyo. Nilifanya mtihani, nikapewa leseni ya kurusha. Linalotajwa hapo ni jina langu la hewani."

Akasikiliza tena mpaka mwisho.

"Na linatoka kule kule nyumbani kwako?"

"Kule kule, Yeyo."

Akavua spika, akajifuta uso kwa shuka.

"Basi Keriako niachie mimi. Nitamwambia mwenyewe."

Ukija likizo, fikia hapa Chanika. Chumba chako kipo.

Wifi yako,
Naisimoi