Fishi ya Ndugu Yangu

Jumatatu, 4 Juni 2001

Uji wa mahindi, nusu kikombe. Nusu yake imerudi. Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Muuguzi alipita, akatazama, akasema nipumzike. Nimepumzika tangu Pasaka.

Mama Asende amefagia chumba, akanigeuza ubavu, akanigombeza. "Shemeji, unakula kama ndege. Ukifia mikononi mwangu batu batasema nilikunyima." Ni mjane wa mdogo wangu Wilondja. Asubuhi analima shamba la watu, mchana anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni Baraka, kisha anakuja kunilisha. Hakuna anayemlazimisha.

Kuna jambo ambalo ni lazima nimwambie kabla sijafa. Nimelikwepa miaka mitatu. Nimeanza daftari hili labda linisukume. Hakuna mwingine wa kulisoma.

Jumatano, 6 Juni

Mgeni. Kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi. Ni mkuu mpya wa mapato wa hawa waasi wanaoshika mji sasa. Jina lake Etienne. Amesoma Bukavu. Aliingia kwa heshima, akakaa kwenye kopo la mafuta bila kulipangusa.

Alisema wanataka kuifanya idara ya kodi iwe ya kisasa. Wamepata mashine ya kupiga chapa na mihuri mipya. Lakini mapato hayaingii. "Papa Persepta, batu banatukimbia. Wewe ulifanyaje? Hata Fizi kule juu bangali banakutaja."

Bado wananiita Persepta. Nilikuwa mkusanya kodi wa serikali kwa miaka ishirini na sita.

Nilimjibu yale ninayoyaamini. Ondoeni bariyeri, vile vizuizi vya askari, za barabara ya Mboko, bakizeni moja. Mwanamke anayetoka na kikapu cha muhogo asilipe mara tano kabla ya kufika sokoni. Akilipa apewe jeton moja, tikiti ya kuonyesha amelipa, na kila askari aiheshimu. Bandikeni ukutani mlichopokea mwezi huu na mlichokifanyia. Tengenezeni hata daraja moja. Watu wakiona daraja, baadhi watalipa bila kufukuzwa.

Aliandika yote. Kisha akafunga kalamu. "Ni mazuri, Papa. Lakini kamanda hatakubali kuondoa bariyeri. Askari wake wanakula pale." Akauliza tena nilifanyaje wakati ule.

Nilijidai nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli.

Alipotoka Mama Asende alimsindikiza kwa macho. "Ana viatu vizuri. Sijui ni bariyeri gani imenunua kile cha kushoto."

Nilicheka. Kifua kiliuma hadi jioni.

Ijumaa, 8 Juni

Naandika jinsi nilivyofanya.

Nilipoanza kazi, kodi ilikusanywa kwa fujo. Tulifika kijijini na polisi, tukakuta vizee na kuku. Wanaume walikuwa wameshasikia. Kila familia ya huku ina nyumba barabarani na kibanda porini, kwenye shamba la mbali, ng'ambo ya mto, ndani ya michikichi. Mkusanya kodi akionekana, wanakwenda kibandani. Tuliwakamata walioshindwa kukimbia. Nilikuwa na aibu. Nilisema serikali haiwezi kuishi kwa kukamata vilema.

Nikabuni fishi. Kadi ngumu, moja kwa kila familia, zenye namba kwa mfululizo, ndani ya sanduku la mbao. Jina la mwenye nyumba, watu wazima, mitumbwi, mbuzi, mashamba. Na katika pembe ya chini, kushoto, kwa vifupisho nilivyovitunga mwenyewe: kibanda chao kiko wapi.

Nilikusanya habari hizo kwa upole. Niliwauliza wanawake kisimani. Niliwauliza wavuvi wakishona nyavu. Sikumtisha mtu. Miaka mitatu nilitembea kwa miguu kutoka Mboko hadi karibu na Kazimia.

Baada ya hapo nilituma mtu mmoja tu, bila bunduki, moja kwa moja hadi kibandani. Mwenye kibanda alishangaa, akacheka, akalipa. Hakuna aliyepigwa. Mapato yalipanda. Nikaandika ripoti ndefu nikaipeleka Fizi, nikashauri wilaya yote ifuate. Walinisifu mbele ya watu.

Ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo linalonitesa. Ilikuwa kazi nzuri.

Jumapili, 10 Juni

Kengele ya kanisa. Sikuweza kwenda.

Wilondja na kijana wao Asende waliuawa kibandani mwao, nyuma ya Mboko, mwezi wa pili baada ya vita kurudi, mwaka 1998. Asende alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa kijitoni, akiloweka muhogo. Ndiyo sababu yuko hai. Askari hawakutafuta njia. Walikuja moja kwa moja, kama watu waliowahi kufika. Wiki hiyo walifika kwenye vibanda vingi namna hiyo.

Watu wakasema kuna aliyewaonyesha. Wakamtaja Sumaili. Shamba lake lilipakana na la Wilondja, na siku moja kabla alionekana amebeba mizigo ya askari. Walikuwa wamemkamata njiani, kama walivyowakamata wengine. Hakuna aliyetaka kusikia hilo. Kikao cha wazee kiliketi, kikamhukumu, wakachoma nyumba yake. Alikimbilia Kazimia na mkewe. Wanasema anabeba magunia ya samaki pale bandarini, na hata huko jina limemfuata.

Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kikao kile. Mwandiko wangu ulikuwa bado mzuri.

Askari walikuwa wamelichukua sanduku langu la fishi. Walivunja ofisi wakalibeba.

Jumatatu, 11 Juni

Jana niliandika uongo. Hata hapa.

Hawakuvunja chochote. Nilifungua mwenyewe.

Jumatano, 13 Juni

Etienne amerudi. Alikuwa na karatasi za njano zimefungwa kwa kamba. Niliyatambua maandishi ya mashine kabla hajafungua. Ripoti yangu. Nakala ilikuwa imebaki Fizi, chini ya kabati, panya wakala pembe zake tu.

"Papa, hii ni akili kubwa. Hata wazungu hawakufikiria hivi."

Nilimwambia aichome. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa. Nilimwambia wazi: pembe ile ya fishi iliua watu. Kisha akasema safari hii ni idara ya mapato, si jeshi, na kadi zitafungiwa. Nilimuuliza ufunguo atashika nani.

Aliniachia sukari nusu kilo. Nafikiri ni kijana mwema. Nami nilikuwa mwema.

Alhamisi, 14 Juni

Leo niandike yote, mkono unapokubali.

Mwaka ule wa vita, kamanda wa askari wale alikuja ofisini na watu wanne. Hakunipiga. Hakunitishia. Aliniita mkurugenzi. Mshahara wangu ulikuwa haujafika kwa miaka, dari lilikuwa linavuja, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameniuliza juu ya kazi yangu. Alisema amesikia ofisi yangu ina mpangilio kuliko zote za Kivu. Aliomba aone.

Nikatoa sanduku mezani. Nikamwonyesha namba, nikamwonyesha mistari. Alifika kwenye pembe ya chini, akaona herufi zangu. Hakuelewa. Asingeelewa kamwe. Angeweza kulibeba sanduku lote na lisimfae kitu.

Nilimfafanulia. Herufi moja moja. Kwa furaha. Nilikuwa kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

Aliposema atalichukua kwa siku chache, ndipo nilipohisi baridi. Akatoka kwanza kuwaita vijana wake walibebe. Nilibaki peke yangu na sanduku. Muda wa kutosha. Niliitafuta fishi ya Wilondja, nikaipata, nikaivuta hadi nusu.

Kisha nikairudisha.

Nimejiuliza maelfu ya mara kwa nini. Jibu ni dogo sana na nimelijua siku zote. Ingebaki nafasi kati ya mia mbili kumi na tatu na mia mbili kumi na tano. Nilikuwa nimewafukuza makarani wawili kwa sababu ya namba zilizorukwa. Namba iliyorukwa ni ndugu wa mtu aliyefichwa. Nilikuwa nikiwafundisha hivyo. Niliona aibu kamanda akute pengo.

Nilimwandika ndugu yangu kama nilivyowaandika wengine. Alinitajia kibanda mwenyewe, tukila. "Andika, kaka. Nani atanifuata, wewe?"

Ijumaa, 15 Juni

Mama Asende amekuja amechelewa. Makarani wa Etienne wako sokoni, na kadi mpya, nyeupe. Wanaandika kila mtu.

"Mmoja ana adabu sana, shemeji. Ananiita mama. Ananiuliza, vita ikikuja munakimbilia wapi, ili batuletee msaada. Nimemuambia kwa dada yangu, kule juu, nyuma ya shamba la miwa."

Amesema kweli yote. Pale analala yeye, dada yake, na watoto sita.

Nilitaka kusema palepale. Nikaomba maji.

Mimi ni mwoga. Nimekuwa mwoga tangu zamani na suti ilinificha.

Jumamosi, 16 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa mlangoni anamenya muhogo, mgongo kwangu. Hiyo ilinisaidia. Nilianza na dada yake: wahame leo, wasiende tena nyuma ya shamba la miwa, wasimwambie mtu. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa nini. Yote. Kamanda, herufi, fishi niliyoivuta na kuirudisha. Sumaili.

Kisu hakikusimama. Alimenya hadi nikamaliza. Kisha bila kugeuka:

"Yetu ilikuwa namba ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

"Na yako?"

Sikuelewa.

"Fishi yako, shemeji. Na kibanda chako. Ilikuwa namba ngapi?"

Sikuwa nayo. Nilisajili machifu, nikasajili katekista na shehe, nikasajili mama yangu mzazi. Nilijisifu kwamba sikumruka mtu. Katika miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba mimi nami nina nyumba na mahali pa kukimbilia. Watu wa kuandikwa walikuwa wengine.

Nilimjibu kwamba haikuwepo.

Alikusanya muhogo ndani ya beseni, hata maganda. Akafunika moto kwa majivu. Akaondoka.

Jumapili, 17 Juni

Hakuna mtu. Nilitarajia nitajisikia mwepesi. Padri alituambia hivyo tulipokuwa shuleni. Si kweli.

Jumanne, 19 Juni

Amekuja. Hakukaa. Macho yamevimba. Dada yake na watoto wamehama juzi usiku, hakusema wapi, na alifanya vizuri.

Haniiti tena shemeji.

"Mze, chukua kalamu. Andika kwa Sumaili, useme haikuwa yeye. Andika kama uliandika siku ile banamuhukumu. Jina lako chini, na muhuri kama bado unao."

Muhuri sina. Niliandika kwa karibu saa nzima. Mistari ilipanda. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akanirudishia.

"Hapa unasema askari walibeba sanduku. We uliniambia ulibapatia. Andika ulibapatia."

Nikaandika upya. Akasoma tena. Akaikunja, akaiweka kifuani.

Nilimuuliza kama ataipeleka. Alisema wazee wa kikao wataisoma kwanza, wote, kwa sauti, na yeye atakaa pale kusikiliza. Kisha boti ya Kazimia.

Nilimuuliza kama atarudi. Alikuwa tayari ameshatoka.

Jirani amepita dirishani. Anasema makarani wa Etienne wamemaliza Baraka. Kesho wanaanza barabara ya Lulimba. Watu wanapanga mstari kuandikwa kwa sababu wanafikiri ni chakula cha msaada. Nilimwambia asiandikwe. Alisema ameshaandikwa Jumatatu, yeye na wakwe zake.

Alhamisi, 21 Juni

Sijala tangu juzi. Si njaa sana. Maji yako kwenye kikombe, karibu.

Mlango umebaki wazi kwa kuwa sifiki kuufunga. Vumbi linaingia. Asubuhi nilisikia sauti nyingi upande wa nyumba ya mzee wa kikao, kisha kimya. Sijui walisema nini. Hakuna aliyekuja hapa.

Baadaye nilisikia injini ya boti, ikakohoa mara mbili, ikashika. Ilikwenda kusini. Kama barua imo, sijui. Kama yeye mwenyewe yumo, sijui.

Jua limefika mguuni pa kitanda.