Kengele Inayokohoa

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Mkabala na daraja la waendao kwa miguu.
Jumapili, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, za mikono miwili na kichwa chini. Habari za huko, habari za baridi, habari za goti? Ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi. Natumai umemsikia, ingawa nakufahamu: ukikatazwa kitu ndipo unakipenda. Shemeji hajambo? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Wifi yako hajambo, anakusalimu sana, na kile kitambaa ulichomtumia ameshakishona na kukivaa mara mbili. Mimi nakula, nalala kidogo, natembea sana. Hilo la kutembea ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Simu ningepiga, lakini kuta za nyumba hii ni nyembamba na wifi yako ana masikio makali. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Unaikumbuka ile njia ya mferejini? Ulipoondoka ilikuwa vumbi tupu. Siku hizi imetiwa lami, watu wanaipenda kuliko barabara kubwa. Upande mmoja una ukuta wa maghala, upande wa pili uzio wa chuma, kisha maji. Ukishaingia hutoki mpaka ufike darajani, maana hakuna pa kuchepukia. Upana wake hatua sita, na katika hatua hizo sita tunapita sote: wenye vigari vya watoto, wakimbiaji, wenye mbwa, wanaosoma simu huku wanatembea, na sisi wa baiskeli.

Watu walipoanza kugongana, tukaunda kamati. Kwa kuwa nina mdomo, na pale kazini nina mtambo wa kuchapa, wakanifanya mwenyekiti. Kanuni nilizitunga mimi. Wa miguu wakae upande wa uzio, wa baiskeli upande wa ukuta. Kengele ipigwe mapema, si mgongoni mwa mtu. Penye msongamano, shuka ukokote. Baiskeli isiyo na kengele isipandwe kabisa. Nikazichapa kwa herufi nene, nikazibandika kwa gundi yangu mwenyewe kuanzia mwanzo wa njia hadi darajani.

Na Dada, hakuna aliyepita pale kwa kasi kama mimi. Niliona kanuni ni za wasiojua kuendesha, na mimi najua, nimefundishwa na wewe. Nyani haoni kundule.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana nikikatizwa sitamaliza.

Wiki tano zilizopita, Jumamosi, nilikuwa nimechelewa kikao cha kamati. Ajenda ya kwanza ilikuwa mwendo kasi. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, watu wote wamemiminika njiani, na mimi nakanyaga pedali kama nimefukuzwa. Mbele yangu familia nzima ilikuwa imejipanga upande wa ukuta na kigari cha mtoto. Sikupunguza, sikushuka. Nikahamia upande wa uzio, upande wa wa miguu, na pale alikuwapo mama mmoja anatembea peke yake. Nilipiga kengele nikiwa mgongoni mwake kabisa. Akashtuka. Usukani ukanasa mkanda wa mkoba wake, nikasikia kishindo.

Niligeuka mara moja. Niliona watu wameinama. Nikajiambia, watu ni wengi, watamwinua. Na kweli walimwinua. Mimi nikaenda kwenye kikao nikakifungua kwa kuwashukuru waliofika kwa wakati.

Mama huyo ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na daraja, wote tunamwita Mama Sindano. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wa kazi, Dada. Hakuniona, na waliogeuka baada ya kishindo waliona koti la mvua la kijivu tu, ambalo nusu ya mji huu wanalo. Lakini alisikia. Alipoulizwa alisema, "Kengele yake inakohoa. Inakohoa kwanza, ndipo inalia."

Unajua ni kengele gani. Ni ile uliyoifungua kwa bisibisi kutoka kwenye baiskeli yako asubuhi ya kuondoka, ukanitilia mfukoni, ukaniambia usiniaibishe. Miaka yote imelia vizuri. Wiki ile ile kutu ilikuwa imekula jino moja ndani, ikaanza kukohoa. Hata wifi yako alikuwa hajaisikia.

Jioni ile niliifungua, nikaitia ndani ya soksi, soksi nikaitia nyuma ya droo. Nikasema nimeibiwa. Watu walinipa pole mpaka nikaona haya.

Hapo ndipo mtego ulipofunga. Baiskeli isiyo na kengele isipandwe: kanuni yangu, maandishi yangu, yapo kwenye kila nguzo. Kununua nyingine niliogopa, nisije nikaulizwa ya zamani ilikuwaje. Basi nikaanza kukokota. Nakokota asubuhi kwenda kazini, nakokota jioni kurudi. Njia ambayo nilikuwa naimaliza kabla wimbo mmoja haujaisha, sasa inanichukua karibu nusu saa, ukuta huku, maji kule.

Na watu, Dada, wakanisifu! Wakasema mwenyekiti amemhurumia Mama Sindano hata ameacha kupanda. Katibu wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya paredi, akasimama kikaoni akasema mfano ni bora kuliko mabango. Wiki ya pili nikaona vijana wawili wanashuka penye msongamano. Wiki ya tatu wakawa kumi. Sasa hivi ukifika mferejini Jumamosi utadhani ni msafara wa mazishi ya baiskeli. Hakuna anayegongwa. Nami nimevikwa kilemba cha ukoka, nakibeba kila siku njia nzima, siwezi kukivua wala siwezi kupanda.

Kisha kamati ikaniagiza nichape tangazo la kumtafuta mwenye kengele inayokohoa. Nililipanga mimi, nikachagua herufi, nikasimama mbele ya mtambo nikiangalia karatasi zinatoka moja baada ya nyingine, zote zinanitafuta. Mwenzangu wa kazi akaniuliza mbona wino umekolea hivyo. Nikamwambia ni mashine.

Jumamosi mbili mfululizo tukafanya ukaguzi. Katibu alisimama darajani akawasimamisha wa baiskeli wote, na kila mmoja akapiga kengele yake mbele yetu. Ungekuwapo ungecheka mpaka goti lipone. Kulikuwa na za kulia kama chura, moja ya honi ya mpira, na muuza maziwa mmoja ambaye hakuwa nayo akapiga mluzi. Mimi nilikuwa ndiye wa kuandika: haikohoi, haikohoi, haikohoi. Nilijaza kurasa tatu.

Nilidhani hapo yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Katibu alisoma kurasa zangu, akahitimisha kwamba kengele ya namna hiyo haipo. Na kama haipo, basi Mama Sindano alisikia visivyokuwapo. Alisema hivyo kwa huruma, na kikao kizima kikaitikia kwa huruma, nami nikatia sahihi chini ya kumbukumbu za kikao.

Habari ikamfikia binti yake, ambaye ni nesi na anakaa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi. Akaja. Akauliza maswali ya kinesi: mama amekuwa akisahau? Amewahi kupotea? Akaamua kwamba mama yake alikatiza njia bila kuangalia, akagongwa, na kengele akaizua baadaye kichwani. Hatembei tena peke yake. Anahamia kwa binti. Basi linaondoka leo saa nane mchana. Cherehani imeshafunikwa shuka.

Alhamisi nilikwenda kumwona, na kamati, na matunda. Wengine walipotoka kuzungumza na binti, akanishika mkono kwa ule wake mzima. Nilitegemea anilaumu kwa kushindwa kumpata mtu. Hakunilaumu. Alisema hataki mtu afungwe wala alipe. Alisema anataka kujua kitu kimoja tu: yeye alikuwa upande gani? Maana anakumbuka alikuwa ameshika chuma cha uzio, chuma kilikuwa na maji ya mvua. Lakini wote wanamwambia sivyo. "Mwenyekiti, nikikosea hata hilo, basi mwanangu ana haki. Nitakwenda."

Dada, dunia nzima ni mtu mmoja tu anayejua alikuwa upande gani. Na mtu huyo alikaa pale anamenya chungwa.

Tangu Alhamisi sijapata raha. Nikitembea nasikia pole nyingi na hongera nyingi. Nikisema, njia itajua kiongozi wake ni mwongo, labda wote watarudi kukimbiza baiskeli kama zamani. Wifi yako atajua nimemlaza karibu na soksi ile wiki tano. Nikinyamaza, mwanamke mwenye akili timamu atapanda basi akiamini hana akili. Nimeligeuza hili kila upande, nikiamka, nikinawa, nikikokota. Kila upande ni ukuta.

Nilikumbuka ile siku nilipoangusha beseni la nguo la jirani kwa baiskeli yako, nikakimbia. Hukunipiga. Ulinifanya niikokote baiskeli mpaka mlangoni kwake, nipige kengele, nisimame hapo hapo mpaka atoke. Ulisema kukimbia kila mtu anajua, hata kuku. Nilikuchukia siku nzima. Nguo nikazifua tena zote, na shuka la mume wake.

Sasa ni saa nne na nusu. Soksi iko mezani mbele yangu. Wifi yako ameiona, akaniuliza ni nini, nikamwonyesha. Ameingia jikoni, na sufuria zinalia kuliko kawaida. Naiacha barua hapa. Naenda kuifunga kengele mahali pake.

Nimerudi, ni jioni. Namalizia.

Nilikokota mpaka nyumbani kwake. Teksi ilikuwa imeshafika, sanduku liko mlangoni. Nikapiga vibaya mara ya kwanza, haikutoa kitu. Mara ya pili ikakohoa, kisha ikalia.

Kabla sijafungua mdomo nilisikia sauti yake ndani, anamwita binti: "Umesikia? Umesikia hiyo? Si nilikwambia inakohoa kwanza!" Akatoka bila viatu, mkono kwenye plasta, akaitazama kengele kabla ya kunitazama mimi. Kisha akanitazama. Sijui nikuelezeje uso ule, Dada. Ule wa jirani wa beseni ulikuwa rahisi.

Nikasema yote pale pale, mbele ya binti, dereva na majirani waliotoka kuaga. Nikasema, "Mama, ulikuwa upande wako. Mkono wako ulikuwa juu ya chuma. Mimi ndiye niliyehama." Binti akataka kunijibu, mama akamzuia, akaniambia nirudie lile la chuma. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu akakaa juu ya sanduku akalia.

Dereva wa teksi aliondoka peke yake. Binti amebaki, anasema ni kwa wiki moja tu, ila sanduku walilirudisha ndani wakati nipo.

Hajanisamehe, na sikumwomba haraka. Katibu nimempelekea barua ya kuacha uenyekiti. Ameisoma kwa sauti yake ile, mtaa mzima umeisikia, sina tena la kutangaza. Wifi yako bado ananisemesha kwa neno moja moja.

Lakini Mama Sindano ameniagiza jambo, na sikukataa. Jumamosi, njia ikijaa, anataka kutembea kutoka mwanzo hadi darajani, upande wa uzio, mkono juu ya chuma. Mimi nimfuate upande wa ukuta, nikiikokota, na kila hatua kumi niipige, ili kila aliyesema haipo aisikie kwa masikio yake. Nilimuuliza kama nilitengeneze kwanza lile jino. Akasema nisithubutu.

Basi Dada, nifikishie salamu kwa shemeji, na kwa mama mkwe wako ambaye nasikia sasa anatembea bila fimbo. Pacha waambie mjomba wao anawapenda, na dirisha wapokezane. Lile goti usilifiche kwa daktari. Mungu akulaze salama, akuamshe salama, na akuongezee miaka ya kutugombeza sisi wadogo zako.

Uniombee Jumamosi. Njia ile ni ndefu kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekuaibisha,

Upepo
(jina ulilonipa mwenyewe, sasa huna wa kumlaumu)