Jani Lililoangusha Kadi Zote

Mdogo wangu Ondieki,

Huko ulikokwenda hakuna posta, kwa hiyo nakuandikia waziwazi, watu wote wasome, nawe usipate nafasi ya kunikatiza. Makosa ya herufi yaache. Mimi niliishia darasa la nne, na mwalimu akamshukuru Mungu.

Unakumbuka likizo ile, mwanzoni mwa miaka ya sabini? Ulishuka Kisii kutoka chuo kikuu na sanduku la kadi zenye matundu pembezoni. Ulisema Nairobi kuna kompyuta kubwa kama ghala la pareto, ila mwanafunzi haruhusiwi hata kuipangusa vumbi, basi kompyuta yako ni sanduku hilo. Mama yetu, mganga wa mitishamba, akakutajia dawa zake. Kila dawa kadi yake, kila jani tundu lake; jani likiwamo, ulikata tundu likawa pengo. Kisha ulipitisha sindano ya kufumia sweta, ukainua, na kadi zenye pengo zikaanguka mezani.

Kwenye tundu la jani moja lililoota uani kwetu, zikaanguka zote.

"Kaka! Hili linatibu kila kitu!"

Mwalimu wako wa kemia alikubali kupima mmea mmoja tu. Ukikosea, masomo basi, urudi tuchume chai pamoja. Nami nilijua jani lile si dawa. Mama alilitia juu ya kila kifurushi ili majirani wadukuzi waibe takataka, na kwako akalitaja kwa mazoea. Waganga wa kwetu wote walifanya hivyo, kila mmoja na jani lake la kufichia. Siku tatu nilikutazama ukilianika kama tumbaku, nikanyamaza, maana ulikuwa umeniita mbumbumbu mbele ya mke wangu mpya.

Ulipoanza kufunga mzigo nikashindwa. "Bwana Profesa, unapeleka Nairobi uongo wa Mama."

Ulifoka, ukalia kidogo (usikane), kisha ukauliza, "Sasa la kweli nitalijuaje?"

"Waulize waganga wengine. Uongo wao utatofautiana. Dawa itafanana."

Tukawatembelea waganga wa Ekerenyo, tukawatembelea wa Magwagwa, kikapu mgongoni kwangu, bila shaka. Uliporudia sindano kwenye kadi mpya za dawa za kuhara, mzizi mmoja uliziangusha zote, za waganga watano wasiojuana.

Barua ya mwalimu wako ikaja: mzizi umeua vijidudu kwenye kisahani cha maabara, endelea na masomo. Ukamsomea Mama ripoti yako.

"Na jina langu liko wapi?" akauliza.

Ukatoa kalamu, ukaliandika juu ya lako.

"Na langu?" nikasema.

"Wewe ulinyamaza siku tatu!" Lakini uliandika, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Siku hizi wajukuu wako wanasema kompyuta huchambua maelfu ya dawa kabla chai haijapoa. Nafurahi, ila nakukosa. Hakuna aliyebaki mwenye akili ya kutosha nimcheke. Ripoti ninayo. Wakiisoma wanadhani Mama alikuwa profesa.

Siwarekebishi.

Pumzika, na umsalimie Mama.

Kaka yako, wa jina la tatu