Meza ya Sadalla Kule Shimoni

Ilala, 4 Februari 2026

Dada Severa,

Shikamoo. Habari za Machame? Mguu unakuruhusu kufika shambani? Mimi mzima, macho tu yananisumbua. Haya ya leo sikuweza kuyasema kwenye simu.

Soko letu la Kariakoo lililoungua wamelikarabati. Nimepita nje, lile paa la zege lipo vilevile. Marehemu mume wangu aliuza viungo mle shimoni, chini ya ardhi, miaka thelathini, na mimi sikuwahi kushuka hata siku moja. Wewe na yeye mlikaa meza kwa meza. Nieleze alikuwaje humo. Sauti yake imeanza kunipotea, dada.

Mdogo wako,
Badria


Machame, 11 Aprili 2026

Mdogo wangu Badria,

Marahaba. Mguu ni uleule. Barua yako nimekaa nayo miezi miwili kwa aibu.

Sadalla alipofariki nilikuwa huku, Krismasi. Nikafuata mazoea yetu ya kungoja ndugu wakusanyike. Nikafika kwako siku ya tatu na shada la maua, kumbe mlimzika siku ileile aliyofariki. Nikaishia mlangoni, nikageuka. Tangu hapo nimeshindwa kurudi.

Haya, sikiliza. Ijumaa nilimlindia meza akienda kuswali, Desemba yeye alilinda vitunguu vyangu. Shimoni kulikuwa na ubaridi hata jua la saa saba. Akipima iliki, anamwongezea mteja kiganja cha bure. Pembeni aliweka kigoda, mtu akikikalia tu: "Nyanyuka, hicho cha Badria!"

Namwambia, "Badria mwenyewe hata ngazi hazijui!"

"Atakuja," anasema, "tena atakuja kunifokea."

Kila siku hivyo, na wachukuzi wanamcheka.

Nisamehe.

Dada yako,
Severa


Ilala, 9 Mei 2026

Dada Severa,

Shikamoo. Wajukuu hawajambo, wanakusalimu.

Siku ile nilikuona mlangoni na maua yako. Nikadhani umekasirika kwamba hatukukungoja, na mimi nikanuna. Miaka sita, dada!

Juzi nimeshuka shimoni. Pamekuwa papya, meza yake ilikuwa wapi sikuweza kujua. Muuza tangawizi mmoja akaniambia, "Bibi, umepotea?" Nikamjibu, "Nimechelewa tu." Nikasimama pale chini ya ngazi nikamfokea Sadalla moyoni, kwa nini hakunilazimisha kuja. Nikamsikia akicheka, dada. Sauti yake kabisa.

Ukienda kanisani Jumapili, nikumbuke.

Mdogo wako,
Badria