Udhamini wa Maziwa ya Kinoo

Jumatatu, 3 Machi

Chupa kumi na mbili za maziwa ya utafiti leo. Maboma manne ya Kinoo, chupa tatu kila boma. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kukamua, nikamaliza saa tatu, viatu vimejaa matope. Ng'ombe wa Mama Shiru amenipiga teke tena. Naamini ananijua na hanipendi.

Mama Shiru amesema nimenenepa. Nikasema ni chapati. Akatazama tumbo, akatazama uso wangu, akaendelea kukamua. Huyo hadanganyiki.

Miezi sita sasa. Mimi na mume wangu Wafula tumengoja mtoto miaka saba, na ameamua kuja mwaka huu.

Jumatano, 5 Machi

Barua pepe imeingia nikiwa kwa foleni ya maji hapa ploti tunakopanga. Nimeitwa kwa mahojiano. Udhamini wa uzamili, miaka miwili, karo yote na gharama zote za utafiti. Tumeitwa sita, watapewa watatu. Mwaka jana jina langu halikufika hata hapo. Nimeisoma mara nne na ndoo ikapitwa na zamu yake.

Halafu nikafungua ukurasa wa pili. Atakayepewa lazima aanze kazi ya maabara tarehe mbili Juni. Asiyeweza, nafasi yake anapewa mwingine. Mtoto anatarajiwa katikati ya Juni.

Na shida si tarehe peke yake. Ninachosomea ni sumukuvu, sumu ya ukungu. Inaanzia kwa mahindi mabovu, inaingia kwa chakula cha ng'ombe, inaishia kwa maziwa. Maabarani tunapima kwa kulinganisha na sumu yenyewe, iliyokolezwa. Mwenye mimba hatakiwi kufungua hata kichupa chake.

Furaha ilidumu labda dakika kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Profesa Muthoni, msimamizi wangu. Alifunga mlango wa ofisi kwanza. Nilidhani atanipongeza. Alizungusha kalamu, kisha akasema, "Vaa koti kubwa, Nekesa. Wakupe kwanza. Hayo mengine tutapanga baadaye."

Akanieleza kuhusu kifungua mimba wake. Naye alikuwa mwanafunzi, naye alikuwa na kamati yake ya kuogopa. Aliwaficha. Aliingia maabara hadi mwezi wa nane wa mimba, akishika dawa ambazo leo hawezi kumruhusu mtu yeyote kushika bila glavu mbili. Mtoto alitoka salama. Alisema hivyo akiangalia nje, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Sikuuliza zaidi.

Nimenunua koti Kangemi, mtumba, rangi ya kijivu. Kubwa kuliko mimi.

Jumapili, 9 Machi

Tumegombana na Wafula tangu kanisani hadi nyumbani. Anachomelea mageti, anajua moto na moshi, lakini sumu isiyoonekana inamtisha kuliko kitu chochote. Amesema wakinipa na wakisema Juni, nikatae. Nikamwambia asinikatie maisha yangu kama chuma. Niliona maneno yamemwingia. Sikuomba msamaha.

Ukweli ni huu: nisipopata, ninaacha shule Agosti. Karo nimekuwa nikiilipa kwa kufundisha sayansi watoto wa nyumba moja Lavington. Mama yao ameshaona tumbo na ameanza kutafuta mwalimu mwingine.

Jioni Wafula amepika uji akauweka karibu nami. Bado nina hasira. Uji nimekunywa.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike yote kabla sijasahau hata kidogo.

Jengo la mahojiano liko katikati ya jiji, orofa ya saba, na lifti haikuwa inafanya kazi. Nimepanda ngazi na lile koti. Nilifika nikitiririka jasho kama mtu wa homa. Watu watano mezani. Mwenyekiti ni mzee mwembamba, sauti ya chini, anaandika kila kitu.

Mahojiano yalienda vizuri. Yalienda vizuri sana. Waliniuliza kwa nini Kinoo. Nikawaambia maziwa ya Kinoo ndiyo yanauzwa Kangemi, na Kangemi ndiko watoto wanakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Mama mmoja wa kamati aliuliza kama wakulima hawataogopa kupimwa. Nikawaeleza habari za Mama Shiru, alivyoniambia nikipata sumu kwa maziwa yake nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine, ili abadilishe chakula cha ng'ombe siku hiyo hiyo. Walicheka. Wawili waliitikia kwa kichwa.

Kisha swali la mwisho: uko tayari kuanza Juni?

Nimesema ndiyo.

Nikashuka. Orofa ya sita, ya tano, ya nne. Nilipofika chini nikakaa kwenye benchi la askari wa mlangoni. Mtoto alikuwa anacheza tumboni kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikajiona Juni nimesimama mbele ya kile kichupa, au nimesimama mbele ya wale watu nikisema samahani, nilisahau kuwaambia. Nilimwona Profesa Muthoni akiangalia dirishani, miaka yote hii baadaye.

Nimevua koti. Nimepanda tena orofa saba.

Walikuwa wanakunywa chai. Nilisimama mlangoni koti mkononi, tumbo limetangulia. Nikasema nimewadanganya. Nikasema nitajifungua Juni na maabara hiyo siwezi kuingia na mimba.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

"Kwa nini umerudi? Mambo yalikuwa yamekuendea vizuri."

"Kwa sababu mngenitarajia tarehe mbili, na nisingekuja."

"Unataka tukufanyie nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Yalinitoka tu. Nikasema wanipe ile ile nafasi lakini wanigeuzie mpangilio: mashamba kwanza, maabara baadaye. Maziwa hayaharibiki yakigandishwa. Yanaweza kunisubiri.

Akauliza nani atakusanya nikiwa nimejifungua. Nikasema nitawaletea jibu. Amenipa hadi Jumatatu saa nne, kwa maandishi, na akaongeza kwamba hanipi ahadi.

Miguu inauma. Sijutii.

Jumamosi, 15 Machi

Kinoo. Nimemweleza Mama Shiru kila kitu, hata uongo wangu wa chapati. Amesema hiyo alijua Januari.

Nilienda kumwomba ushauri tu. Nikamwambia ninatafuta mtu wa kuchukua maziwa kila wiki, kuandika jina la boma na saa ya kukamua, na mahali pa kuyagandisha. Akanipeleka nyuma ya duka lake la maziwa. Kuna friza kubwa, nusu yake tupu. Akasema, "Hii nusu ni yako. Na kuandika ninajua, nilifika darasa la nane."

Akapigia simu wenzake wa chama cha maziwa hapo hapo. Watano walikuja. Mmoja, Baba Njoro, alikuwa na maswali kunizidi. Anataka kujua kama mahindi yaliyonyeshewa mwaka jana ndiyo yaliyomharibia ndama. Nikamwambia sijui, lakini hilo ndilo hasa ninalotaka kujua. Tumefanya mazoezi ya kuweka alama kwenye chupa. Mwandiko wa Mama Shiru ni mzuri kuliko wangu.

Nimetoka pale nikitembea kama mtu mrefu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepeleka. Kurasa nne, saini sita za wakulima, ratiba hadi Desemba. Maabara kuanzia Oktoba. Profesa Muthoni ameweka saini yake chini kabisa. Alisoma yote polepole, akavua miwani, akasema hakujua mambo haya yanaweza kuombwa. Basi.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna habari. Nimeosha vyombo vilivyo safi. Mama wa Lavington amepata mwalimu mwingine, leo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Watoto wamenipa kadi waliyochorea ng'ombe mwenye miguu mitano.

Naogopa. Nimeandika hivyo ili nisiendelee kulisema moyoni.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata.

Mwenyekiti amepiga simu mwenyewe. Nilikuwa sokoni Kangemi na sukuma wiki mkononi. Ile sauti yake ya chini, nikaziba sikio moja nisikie. Amesema kamati ilibishana siku mbili. Baadhi walitaka niambiwe niombe tena mwakani. Kisha yule mama aliyeuliza kuhusu wakulima akasoma saini sita kwa sauti, moja moja. Wamenipa miaka miwili kamili, mashamba kwanza, maabara Oktoba. Na kuanzia mwaka ujao, fomu itakuwa na mahali pa mtu kuomba tarehe nyingine ya kuanza. Kwa yeyote. Bila kujieleza mlangoni.

Nimelia katikati ya soko. Mama mboga akadhani nimefiwa. Nilipomwambia, akaniongezea fungu zima la mboga za managu na akatangazia kibanda cha pili na cha tatu.

Nimeenda moja kwa moja kwa Wafula. Alizima mashine, akainua ile kofia ya kukinga uso. Nikasema Oktoba. Hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, akanishika kwa mikono myeusi ya masizi, na sasa gauni langu la pekee linalonitosha lina alama za vidole vyake mgongoni. Nimemwomba msamaha wa ile siku. Amesema alishasahau. Mwongo.

Profesa Muthoni nimempigia jioni. Aliposikia, akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Sikujua anaweza kucheka hivyo.

Mimi. Nekesa. Nimepata.

Jumapili, 22 Juni

Baridi. Mawingu tangu asubuhi, karibu ploti yote iko kanisani.

Msichana. Ana siku nane. Kilo tatu na kidogo, nywele nyingi, kelele nyingi. Wafula amefua nguo zake na kuzianika ndani, kamba imepita juu ya meza ya kusomea.

Jirani mpya wa chumba cha mwisho amekuja kutusalimia. Mama mpole. Ameuliza mimi nafanya kazi gani. Nilikuwa ninanyonyesha. Nikamwambia ninasomea maziwa.

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema anaona.

Tumecheka mpaka mshono wa kujifungua ukauma.

Sasa mtoto amelala. Nje kunanyesha kidogo.