Singa Zenye Mizizi

3 Machi

Mwanangu wa maabara,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Farasi salama, majike wote watano na mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita.

Singa za shingoni ulizoomba nimezing'oa, sikuzikata, kila moja na mzizi wake. Jike mzee alinitazama kama mama mkwe aliyekosewa heshima. Kila bahasha ina jina na tarehe. Ulitaka na za kale, basi nimeongeza singa zilizojazwa kwenye tandiko la bibi yangu. Zina miaka themanini.

Nisaidie, baba. Wenye shamba wanasema maabara isipothibitisha kwamba huu ni uzao wa pekee, watawauza mmoja mmoja, kila mmoja kwake. Miaka ishirini na sita nimeamka kwa ajili yao. Wakiondoka, nitaamkia nini?

Shangazi yako

28 Machi

Shikamoo shangazi,

Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila usingizi umenisusa.

Uzao ni wa pekee, haufanani na wowote tulio nao kwenye kumbukumbu. Shida ni mtoto. Dume wenu wa mwisho alikufa miaka minne iliyopita, sivyo? Basi baba yake nani? Wenye shamba watasema uliacha lango wazi, damu ikachanganyika.

Nimemtafuta huyo baba kwenye vinasaba. Ni mwenye singa za kwenye tandiko. Si mjukuu wake, si kitukuu. Ni yeye mwenyewe. Na majike wote watano, baba yao ni huyohuyo. Nimerudia mara tatu, mara ya tatu mkuu wangu akiwa amesimama nyuma yangu. Anasema nimechanganya bahasha, na ripoti haitoki mpaka aletewe singa mbichi za huyo dume.

Tulikuwa tunatafuta asili yao, shangazi. Inaelekea asili yenyewe haijaondoka.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kunywa maziwa ya moto ulale.

Wewe nilikulea mimi, bahasha hujachanganya. Mwambie mkuu wako hivyo.

Nimefungua daftari langu. Tarehe 14 Mei, mwaka juzi: "Saa sita mchana. Majike wamesogea kushoto, wameacha nafasi ya farasi mmoja. Maji kwenye ndoo yamepungua, sikuona aliyekunywa." Nimehesabu, imetokea mara kumi na tisa, daima adhuhuri, daima nafasi ileile. Niliandika tu. Ukiishi na wanyama unajifunza kutouliza sana.

Kesho adhuhuri nitasimama hapo na kunyoosha mkono.

Shangazi yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hizi hapa. Sikuzing'oa, alinipa. Alikuwa na joto, kama ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Majike walinizunguka, nami nikawa katikati.

Goti haliumi tena. Hata kidogo.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Salamu baadaye, barua yako ya tarehe sita nimeipata sasa hivi. Usisimame pale. Nitamwambia mkuu nilikosea. Acha wawauze, utakuja kukaa kwangu.

Mwanao

2 Mei

Shikamoo shangazi,

U hali gani? Hii ni barua ya pili bila jibu.

Singa ulizotuma ni zake. Mkuu ametia sahihi, akaenda kunawa mikono. Ripoti imepita, hakuna farasi atakayeuzwa. Umeshinda.

Jana nilimpigia simu karani wa shamba nikupe habari hizo. Anacheka, ananiambia, "Huyo mama kazi yake haina doa! Zizi limefagiwa, maji yamejaa, majike wamechanwa wanang'aa. Kila siku tunamsikia akiwatania huko ndani." Nikamwambia basi akuite uje kwenye simu. Akaacha kucheka. "Ndugu yangu, kumsikia tunamsikia. Ila kumwona, tangu tarehe saba ya mwezi uliopita hakuna aliyemwona."

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Shangazi, nikifika usiniitikie tu. Nikuone.

Mwanao